Ukuta Unaopitiwa na Dohani

Katika nyumba ya kale ya wakulima wa Kiingereza, iliyogeuzwa makumbusho kule North York, Sakeena alikuwa akikata tiketi mlangoni huku jicho lake likimfuata mama mwongoza wageni. Mama yule alivaa kofia ya kitambaa ya enzi za wakulima hao juu ya hijabu yake, wala hakuona ajabu. Kila asubuhi alizipiga boriti makofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni, kisha akawasha moto jikoni. Wageni wake walianzia hapo mekoni. Kwanza wakulima walisimamisha dohani, aliwaambia, halafu wakaivika nyumba kama nguo. Viganja vyake vilinukia moshi hata Ijumaa msikitini.

Januari moja akaja mkaguzi wa bodi ya makumbusho kutaka moto uzimwe. Pale mekoni itawekwa taa nyekundu, alisema, na wageni hawatajua tofauti.

"Anti, mwambie kitu," Sakeena akanong'ona.

"Nimwambie nini? Moto si unawaka?"

Akampandisha mkaguzi ngazi nyembamba, Sakeena nyuma yao, hadi chumba cha kulala kisicho na hita wala jiko. Pumzi zao zilionekana. Akamwambia avue glavu moja, aushike ukuta pale dohani inapopita.

"Wote waliolala humu," alisema kwa Kiingereza chake cha Tanga, "walilala wameelekea hapa."

Mkaguzi akavua na glavu ya pili, akaweka kiganja hicho pia pale penye joto.