Njia ya Utange Iliyorudi Jikoni

Nilitoka Pangani kwa sababu ya kisima. Nyinyi mnaokijua hamhitaji kuelezwa: njia ya kwendea imeota vichaka hata wanawake hurudi na miiba mingi kuliko maji. Tulikaa kikao kuizungumzia, na kutafuta wa kuwabebea maji wenzetu wasiojiweza, na kikao kikazaa kikao. Katika kikao cha mwisho nikasema nimesikia kuwa Utange, upande wa bara wa Mombasa, kuna chama cha watu wanaotengeneza njia za msituni bila kukata miti na bila kulipwa, na kwamba wengi wao ni watu ambao sisi huku tunasema hawajiwezi. Afadhali mmoja wetu akajifunze. Wote wakanigeukia mimi. Nilidhani wameniteua kwa akili zangu, lakini mke wangu, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alisema wameniteua ili kikao kiishe.

Alfajiri ya safari mke wangu alinifungia mkate wa kumimina mzima, ule wa mchele na nazi, zawadi ya wenyeji. Hadi Tanga nilikuwa nimekata kipande kimoja tu, kuhakikisha haukuharibika. Horohoro, tulipongoja kwenye mpaka, nikahakikisha tena. Askari wa pale aliniuliza ninakwenda kufanya nini Mombasa, nikamwambia ninakwenda kujifunza kutengeneza njia. Akanitazama tumbo, akasema, "Ya kupita wewe itabidi iwe pana." Nilikasirika sana, na mtu mwenye hasira hula. Tulipofika Likoni kilichobakia kilikuwa kitambaa.

Mchana nilivuka kwa feri hadi mjini, nikapata basi la kupanda kaskazini. Daraja la Nyali limelala juu ya maboya, na basi lilipolikanyaga nililisikia likicheza chini yetu. Nikasoma dua zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga. Abiria wenzangu walikuwa wakizungumza habari moja tu, uchaguzi, kwa kuwa uhuru wa Kenya ulikuwa unakuja na siku ya kupiga kura ilikuwa wiki ile ile.

Nilishuka kwenye barabara ya Malindi, mbele ya shule, nikaingia njia ya gari ya kwendea Utange. Gari lenyewe sikuliona. Niliona mchanga, na mchanga ule unameza mguu hadi kifundoni. Njia inauzunguka msitu mdogo mnene wenye kisima ndani yake, na watu wa huko hawakati mti hata mmoja mle, maana wanasema kisima kitakauka. Kulikuwa na vijia vya kupenya msituni, lakini vilikuwa vya mbuzi. Mimi si mbuzi, nikaendelea kumezwa.

Alasiri nikapiga hodi nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, Bi Mwanakombo. Ni mwanamke wa makamo, miguu yake imekufa tangu utoto. Alikuwa amekaa juu ya kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, anachokisukuma kwa mikono, na anasuka mkeka.

"Karibu, mgeni. Watoka wapi?"

"Pangani, Bi Mwanakombo."

"Pangani! Huko ndiko kwa mikate ya kumimina."

Nikampa kitambaa. Akakikunjua, akakuta chembe tatu za mkate na kipande cha iliki, akacheka hadi kigari kikarudi nyuma chenyewe na kugonga ukuta. Dada yake, Bi Saumu, akatoka jikoni kuuliza nani kafa. Tangu saa ile nilikuwa mtu wa nyumba ile.

Tulipokuwa tukinywa chai akanieleza jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Kituo cha kura kilikuwa pale shuleni. Kwenye mchanga wa barabara kigari huzama, na kwenye vijia vya msituni hakipiti.

"Nna binamu yangu, yuwaitwa Shee," alisema. "Ana mgongo mzuri na mdomo mbaya. Yuwataka kunibeba hadi shuleni, na tangu juzi yuwanambia nimchague nani. Nikipanda mgongo wake, mgeni, yeye ndiye atakayeamua nishukie wapi. Sijapata kupiga kura maisha yangu. Hii ya kwanza nataka iwe yangu. Nitakwenda kwa magurudumu yangu, au nisende."

Ndiyo maana chama kilikuwa kikifungua njia mpya katikati ya msitu, kutoka mlangoni pake hadi shuleni, na siku zilikuwa zinakwisha.

Kesho yake asubuhi nikajulishwa wafanyakazi. Mzee Athumani haoni, na yeye ndiye anayetangulia. Huenda pekupeku na fimbo, mguu ukimwambia wapi ardhi ni ngumu na wapi kuna shimo. Nyuma yake huja Kazungu, Mgiriama mwenye mabega mapana, ambaye hasikii. Yeye hufyeka nyasi na kung'oa visiki vilivyokufa, na ndiye anayefanya kazi nyingi kuliko wote, kwa kuwa wengine wakibishana yeye hana habari. Kisha Mutua, Mkamba wa Changamwe, mzima wa viungo, fundi wa karakana aliyekitengeneza kile kigari. Huyu husawazisha kwa reki na jembe. Mwisho huja Bi Mwanakombo mwenyewe kwenye kigari, kwa sababu sheria yao ni kwamba njia hukaguliwa na yule itakayemsumbua zaidi. Asiporidhika yeye, haijawa njia. Mimi nilipewa kubeba kapu la chakula. Mutua alisema hiyo ni hatari, lakini akashindwa kwa kura.

Zaidi ya hiyo wana sheria mbili za miti. Ya kwanza: anayependekeza mti ukatwe lazima kwanza asimame juani mchana kutwa bila kukaribia kivuli chochote, halafu ndipo aulizwe kama bado anautaka ukatwe. Nilipoisikia nilicheka. Adhuhuri tulifika kwenye mkwaju mmoja uliokaa katikati, nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, "Huu si mngeukata tu?"

"Mgeni amependekeza!" akapiga kelele Mzee Athumani kwa furaha.

Wakanipeleka kwenye uwazi, wakanisimamisha. Wao walikaa chini ya mkwaju wakala, na kapu lilikuwa kwao. Hata muadhini hajamaliza adhana ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuufuta usemi wangu, nikausifu mkwaju kwa matawi, majani na matunda, nikaahidi kuwausia wanangu wauheshimu. Wakanihurumia. Tangu siku ile nikiona mti nauamkia.

Sheria ya pili ndiyo iliyotutia matatani. Wao wakikutana na mti hupinda kulia. Kulia ndiko kwenye heri, wanasema, kama unavyoingia msikitini na unavyopokea chakula. Mti ukiwa mbele, mtu huupisha kwa adabu na kupita kulia kwake. Na msitu ule, ndugu zangu, una miti mingi.

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku, kulia, kulia, kulia. Mzee Athumani alisikiliza mguu wake, Kazungu alitazama visiki, Mutua reki, Bi Mwanakombo magurudumu, na mimi kapu. Hakuna aliyetazama tunakokwenda. Njia ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Kigari kilikimbia juu yake bila kukwaruza, na Bi Mwanakombo aliimba.

Jioni ya kuamkia siku ya kura, Mzee Athumani akasimama na kunusa. "Wali wa nazi," akasema. "Tumefika! Hao ni wapishi wa pale shuleni, wawapikia watu wa kura."

Tukafyeka kwa nguvu mpya. Kazungu akasukuma kichaka cha mwisho, kuku wakaruka huku na huku, nasi tukatokea uani. Bi Saumu alikuwa ameinamia chungu. Akainua uso, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mwarudi?" akauliza. "Mmesahau nini?"

Tulikuwa tumetoka mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa jikoni. Mutua alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma, kisha nikamwona Bi Mwanakombo. Alikuwa amejifunika uso kwa leso yake ya kujitanda, analia. Nikaona aibu hata kunyoosha mkono kupokea sahani ya wali.

"Nisamehe, dada," alisema Mzee Athumani. "Nimekurudisha kwako."

"Mguu wako hauna makosa," akamjibu kwenye leso. "Ni adabu yetu, wallahi. Imezidi."

Asubuhi ya kura tukaifuata njia yetu hadi kwenye kona yake iliyo karibu na shule. Kutoka hapo tulisikia sauti za watu waliojipanga shuleni. Kati yetu na wao palikuwa na ukanda mmoja tu wa miti, lakini imebanana, na mizizi imepandana juu ya ardhi. Kigari kisingepita. Mutua akashika panga.

"Mimi nasema hii moja tunakata," alisema. "Jua nitasimama, hakuna neno."

"Ukimaliza kusimama, kura nazo zimekwisha," akasema Mzee Athumani.

Wakati huo huo Shee akatufuata nyuma, amevaa kanzu nyeupe na tabasamu. Hakusema mengi. Alipiga magoti mbele ya binamu yake, akainamisha ule mgongo mzuri, na kumtajia tena jina la mtu wake.

Bi Mwanakombo aliutazama ule mgongo muda mrefu, nami nikangoja kama ninayegombea kiti ni mimi. Mwisho akajifunga leso kiunoni, akashuka kwenye kigari, akaketi chini mchangani.

"Shee, kaa vivyo hivyo, usiinuke," alisema. "Mutua, mtwike kigari."

Akaingia baina ya miti kwa mikono yake. Mzee Athumani alitangulia, akigonga kwa fimbo na kuita, "Mzizi hapa. Shimo kushoto. Mzizi tena, mkubwa." Kazungu aliinua matawi juu yake. Alikuwa akijivuta mzizi kwa mzizi, akipumua kwa nguvu, na kila nilipotaka kumsaidia aliniambia nijiokoe mwenyewe. Alisema kweli, kwa kuwa nilikuwa nimekwama kati ya miti miwili. Ikabidi Mutua anivute mikono na Kazungu arudi kunisukuma nyuma, na hakuna aliyethubutu kupendekeza mti ukatwe. Nyuma yetu alikuja Shee na kigari mgongoni, bado anataja jina lile lile, ingawa hakukuwa na wa kumsikiliza.

Tukatokea kwenye uwanja wa shule, ardhi ngumu. Bi Mwanakombo akapanda kigari chake, akapangusa viganja, akajisukuma hadi mwisho wa mstari. Watu wakamwambia apite mbele. Akakataa, akasema hajatoka mbali hivyo ili aruke mstari. Zamu yake ilipofika aliingia peke yake. Sisi tulimngoja nje, na mimi, mtu wa Pangani nisiye na kura nchini humo, nilikuwa na machozi.

Alipotoka Shee alimkimbilia. "Haya, dada, umemchagua nani?"

"Kiulize kigari," akasema. "Si ndicho ulichokibeba?"

Nilikaa nao siku chache zaidi, hadi waliposafisha mlango wa kupenya kwenye ule ukanda wa miti. Kwanza walikaa kikao, kirefu kushinda vyetu, wakaamua kuwa mti mmoja utapitwa kulia na unaofuata kushoto, Mungu atawasamehe. Nikarudi kwa njia niliyojia. Bi Saumu alinipa mkate wa kumimina wa kuwaletea. Horohoro askari alikuwa yule yule, na ya mkate nisiulizwe.

Mlinituma nijifunze kutengeneza njia, na nilichojifunza ni hiki: sisi huku tulikuwa tukitafuta wa kuwabebea wenzetu maji, na hatukumuuliza mtu hata mmoja kama anataka kubebewa. Kwa hiyo nimemwendea Bi Riziki wa nyuma ya soko, anayetembea kwa magongo mawili, nikamwomba awe mwenyekiti. Aliniuliza mbona nimechelewa. Sasa yeye ndiye anayetangulia kwenda kisimani, na sisi tunaojiita wazima tunamfuata. Njia ameikagua jana na kuikataa. Leo ameikataa tena. Mwenye jembe na aje nalo kesho asubuhi, kikao hakuna.