Mbwa Aliyeachwa na Tabitha

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi, Karanga alilala miguuni mwangu kama kawaida yake, nami nikalala nikiwa nimeshaupanga uongo wa asubuhi: nitawaambia wageni kwamba mbwa anaumwa, wasije.

Karanga hakuwa wangu. Niliachiwa na Tabitha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Arusha, na hata kwa Tabitha alikuwa wa kupita tu. Tabitha alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe. Alikuwa akienda kwenye kituo cha mbwa waliookotwa barabarani, anachukua mmoja, anamlea nyumbani, anamtibu vidonda, anamzoesha watu, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Kisha anarudi kuchukua mwingine. Karanga alikuwa wa mwisho. Saratani ilipomlaza hospitali, Tabitha aliniomba nikae na mbwa mpaka apate watu wake. Tulimzika Tabitha wakati wa masika. Tangu hapo watu walikuja mara mbili kumtaka mbwa, na mara zote mbili nilipata sababu ya kuwarudisha. Wageni wa Jumamosi walikuwa wa tatu.

Ni mchana, lakini jua halina joto. Nimesimama uani kwa Tabitha, na Tabitha mwenyewe amechuchumaa bombani, anaosha bakuli la mbwa. Hakuja vile ambavyo ningependa kumkumbuka, mnene, mwenye kicheko. Alikuja kama siku zake za mwisho, mifupa ya mabega imesimama, shuka la hospitali limefungwa kifuani. Bakuli lilikuwa limeshatakata, naye anazidi kulisugua. Karanga alikuwa kando yangu. Nikangoja amrukie, kama alivyozoea. Hakuinua hata sikio.

"Tabitha," nikasema, "mbwa wako huyu. Nimekutunzia."

"Sina mbwa," akajibu bila kugeuka.

Nikataka kumsogelea, na mguu nilioinua uani ukatua kwenye sakafu ya saruji inayonuka dawa. Tuko kituoni. Sijawahi kufika pale maishani mwangu, lakini najua ni pale. Mabanda ya waya yamepangana huku na huku, na nyuma ya kila waya amesimama mbwa. Hakuna anayebweka. Wananitazama mimi tu. Tabitha ananitangulia, miguu mitupu, mpaka banda la mwisho. Ndani yumo mbwa jike mweusi, mwenye kidonda kilichoizunguka shingo yote, mahali ambapo waya ulikuwa umezama nyamani. Mkia wake unapigapiga sakafu, taratibu, kama anayetufahamu.

"Huyu ndiye aliyekuwa anafuata," Tabitha akasema. "Baada ya Karanga."

Mwanamume aliyevaa buti za mpira anapita katikati yetu na bomba la sindano mkononi. Uso wake siuoni. Anafungua banda, anaingia, anafunga mlango nyuma yake. Mkia ule ukapiga sakafu, ukapiga tena. Kisha sikusikia kitu.

Nikalia. Nikamwambia Tabitha asinilaumu, maana nguo zake ndugu wameshagawana, nyumba yake imepangishwa, na katika vyote alivyovigusa kwa mkono wake mimi nimebakiwa na Karanga peke yake.

Ndipo akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamechoka, hayana hasira.

"Mimi nimekufa, Mama Upendo," akasema. "Karanga bado."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Akauchomoa polepole, kidole kimoja kimoja, akasema, "Mwache aende." Nikaamka nimeukamata mguu wa mbwa kwa nguvu, naye analia.

Wageni walipokuja, mume na mke na binti yao kutoka Usa River, sikusema kwamba anaumwa. Karanga alikataa kupanda gari. Ikabidi nimbebe mimi mwenyewe, nimfungie mlango. Nilimsikia akilia mpaka gari lilipokata kona.

Sikurudi ndani. Nilifunga nyumba nikaenda kituoni. Nikamkuta dada mmoja anayehudumia mbwa.

"Mna mbwa jike mweusi, ana kidonda shingoni?"

Akanitazama. "Alikuwepo, mama. Mabanda yalijaa, hakupata mtu wa kumchukua. Alichomwa sindano ya kumuua juzi."

Nikamwomba anioneshe alipokuwa. Lilikuwa banda la mwisho, na alishaingizwa mwingine: dume mzee, jicho moja limeziba, amejibanza kwenye kona. Nilipomnyooshea mkono akaniuma.

Yule dada akanivuta nyuma. "Amechanjwa, usiogope. Lakini huyu hakufai, mama. Hakuna anayemtaka. Ngoja nikutafutie mpole."

Damu ilikuwa inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Nitafutie kamba," nikamwambia. "Huyu naondoka naye."