Kizimba Nilichokifunga Kwenye Taa za Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini Stockholm nilipewa kitambaa. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka kumi na mitano Nairobi, na mkono wangu wa kulia una kovu la tindikali ya betri lililonitia adabu mapema. Nilifika kwenye gereji moja ya mtaa wa Farsta nimevaa ovaroli mpya niliyonunuliwa na mke wangu Kalondu, aliyetangulia huku kwa kazi ya uuguzi. Msimamizi wa zamu, mwanamume mrefu asiyependa maneno mengi, alinionyesha magari kumi na mawili yaliyopangwa uani, akaniambia nifute taa zake za mbele.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu uzifute tena. Barabara zina chumvi."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia Kalondu kwamba nimevuka bahari kuja kuwa mpangusaji. Akacheka mpaka akashika mlango. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe umepewa kitambaa siku ya kwanza, Mutiso. Shukuru."

Ninyi vijana mnaoingia gereji sasa mnakuta kompyuta ikiwaambia ugonjwa wa gari, kwa hiyo nitawaeleza taa zilivyokuwa zikitufundisha. Hapa taa za mbele huwaka mchana kutwa, ndiyo sheria. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi na kokoto, na matairi yenye misumari ya kushika barafu huzirusha kokoto hizo kwenye taa za gari la nyuma. Uso wa taa ni plastiki, si kioo. Ukipigwa na kokoto miaka miwili bila kinga unakuwa na ukungu, na dereva anadhani macho yake ndiyo yamezeeka. Tulikuwa tunabandika karatasi angavu ya plastiki ngumu, tunaikanda kwa maji ya sabuni ili isibaki na hewa ndani. Kazi hiyo niliijua ndani ya mwezi mmoja, na sitajidai unyenyekevu: hakuna aliyeibandika kama mimi.

Baada ya Farsta nilihamia gereji ndogo karibu na Vårby gård. Mkuu wa karakana hapo alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akivaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Huko ndiko nilikokutana na wizi. Watu wa nyumbani wakinisikia hushangaa. Wao hudhani taa za gari huibwa Nairobi tu. Taa ya gari kubwa linalosukumwa na magurudumu yote manne siku hizi ni mtambo mzima, na mwizi mwenye vifaa vyake huivunja bampa, akaing'oa taa na kukata nyaya kabla kahawa yako haijapoa. Gari unalikuta asubuhi limetobolewa macho.

Hapo nilijiona mtu wa maana. Kama kuna kitu fundi wa Nairobi anakijua, ni kumnyima mwizi raha. Kwetu tulichora namba ya gari kwenye taa, kwenye vioo, hata kwenye vifuniko vya magurudumu. Tulifunga vioo vya pembeni kwa riveti, zile pini za chuma zinazobanwa zisifunguke tena. Na aliyetaka kulala usingizi kabisa tulimfungia kizimba cha nondo mbele ya taa.

Mama Furaha ndiye aliyenipa nafasi ya kuonyesha. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, jirani yetu na mwenzetu kanisani, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, wengine wakiishi ndani kabisa kwenye barabara za msituni. Gari lake la aina hiyohiyo lilikuwa limeibiwa taa mara mbili katika miezi mitatu. Kila mara lilikaa wiki mbili bila kutembea, na mkubwa wake kazini alishamwambia kwamba mfanyakazi asiye na gari hawezi kupewa njia hiyo ya wazee wa msituni.

"Papa Mutiso," akaniambia baada ya ibada, "wakiiba tena, mi kazi imekwisha. Fanya kitu."

"Hawataiba," nikamjibu. Sikusema nitajaribu. Nilisema hawataiba.

Jumamosi mkuu alituruhusu kutumia karakana kwa magari yetu wenyewe. Sikumwomba ruhusa ya kulitengeneza gari la mtu mwingine, wala sikumwonyesha nilichokuwa nakiunda. Lile gari lilikuwa limepita ukaguzi wa kila mwaka siku chache tu nyuma, na nilijua moyoni kwamba mkaguzi asingekikubali kizimba mbele ya taa. Nilichomelea wavu wa chuma wa matundu madogo, nikaufunga kwa riveti, na pembeni nikaweka bolti za kukatika kichwa. Hizo, ukishazikaza, kichwa kinakatika chenyewe na kinabaki kigutu ambacho spana haikishiki. Nilipomaliza niliutikisa wavu kwa mikono miwili. Haukucheza hata kidogo. Mama Furaha alipiga makofi, nami nikatembea kama bwana harusi.

Wezi walikuja wiki ya pili. Waliacha mikwaruzo na bisibisi iliyovunjika, taa wakaziacha. Nilisimulia habari hiyo kanisani hadi Kalondu akanikanyaga mguu.

Kisha ikaja theluji ya Desemba. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeshazama kama ilivyo huku, nami niko chini ya gari nikifunga waya. Simu ikalia.

"Papa, niko naona giza tu," Mama Furaha akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Taa zinawaka lakini hazifike barabarani. Nimesimama. Kuna mtaro hapa kando, sijui uko karibu namna gani. Na yule mama mzee anangoja sindano yake ya sukari saa kumi."

Nilielewa kabla hajamaliza. Taa za balbu za zamani zilikuwa na joto, theluji ikizigusa inayeyuka. Taa zake zilikuwa za kisasa, uso wake ni baridi muda wote. Mtu mwingine yeyote angeshuka, akafuta kwa mkono, akaendelea. Yeye asingeweza, kwa sababu theluji ilikuwa imejazana nyuma ya wavu wangu na kugeuka barafu, na mkono wa mtu haupiti. Nilikuwa nimehakikisha haupiti.

Nilimweleza mkuu wa karakana yote, palepale, bila kujipamba. Aliishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine. "Chukua gari letu na drili," akasema. "Tutazungumza kesho."

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya gari, anachokonoa barafu kwa kijiti cha kusukia nywele. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi. Gurudumu la kulia lilikuwa hatua moja kutoka mtaroni. Nilipima kwa mguu wangu. Nikatoa drili, lakini betri yake ilikuwa imelegea kwa baridi, na chuma nilichokichagua kwa ajili ya mwizi kilikuwa kigumu kwangu pia. Nikatoboa riveti moja. Nikaanza ya pili.

"Papa, acha," akasema.

"Dakika chache tu, Mama Furaha."

"Acha gari! Nipeleke kwa mzee. Hilo chuma lako litangoja, yeye hatangoja."

Nikaacha. Tulikwenda na gari la karakana hadi kwenye nyumba ya mbao yenye taa dirishani. Bibi mwenyewe alitufungulia mlango, akaangalia saa ya ukutani, akasema kwa Kiswidi safi kwamba tumechelewa dakika kumi na saba. Mama Furaha alimkalisha, akampima sukari na kumchoma sindano, huku akimwimbia kitu cha kwao cha taratibu. Mimi nilisimama ukumbini na buti zangu zikichuruzika maji, nikaona haya kama sijawahi kuona maishani.

Asubuhi, wakati wa kahawa, mkuu aliweka juu ya meza, katikati ya vikombe, kizimba nilichokikata usiku tulipolirudia gari.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamlinda nani?"

"Mwenye gari, dhidi ya wezi."

"Hapana," akasema. "Ulikuwa unashindana na wezi. Mwenye gari ulimsahau."

Nilisubiri anifukuze. Badala yake akanipa hadi Ijumaa nitengeneze kinga ambayo mwizi hawezi kuing'oa na ambayo bibi mwenye miaka tisini anaweza kuifuta kwa kitambaa. Kitambaa! Nilimkumbuka yule msimamizi wa Farsta, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa nilikuwa nayo. Nililiweka bamba la chuma nyuma ya taa, likashikwa kwenye fremu ya gari, si kwenye bampa. Bolti za kukatika kichwa nilizibakiza, ila zikakaa ndani, na nati moja tu ilifunguka kwa ufunguo wa umbo lake ambao mwenye gari anautunza nyumbani. Namba ya gari niliichora kwenye mwili wa taa, kwa mtindo wetu wa Nairobi, ili isiuzike. Mbele niliweka ile karatasi angavu na basi. Uso wa taa ulibaki wazi kabisa. Mkuu aliivuta taa, akaipiga ngumi, kisha akaipangusa kwa mkono wa koti lake. "Sawa," akasema, na kwa Mswidi hiyo ni hotuba.

Mama Furaha hakunyang'anywa njia yake ya kazi. Wezi walijaribu mara moja zaidi, wakavunja bampa, wakaondoka mikono mitupu. Mimi nilihamishiwa gereji ya Kista, nikawa fundi mkuu, nikawafundisha wengi bamba lile. Wote niliwafundisha na jambo la pili: gari likitoka mikononi mwako, simama mbele yake, mwambie dereva awashe. Usiitazame kazi yako kutoka pembeni. Itazame ukiwa pale ambapo mwanga unatakiwa kufika.

Siku yangu ya mwisho kazini, meneja wa Kista alileta keki, na Mama Furaha akaja na gari lilelile, limechakaa kama sisi wawili, likiwa na taa zilezile. Theluji ilikuwa imeanza. Aliponiaga na kuingia garini nilimwinulia mkono asiondoke. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikafuta taa ya kulia, nikafuta ya kushoto, nikarudi nyuma hatua kumi.

"Washa!"

"Papa, si unajua zinawaka!"

"Washa, mama."

Akawasha. Nilisimama pale hadi macho yakaniuma, ndipo nikampisha njia.