Mgeni wa Mkoa Uliofutwa

Jumanne nilikuwa kaunta ya nyumba ya wageni Mugumu, nikisubiri kuandikishwa. Mbele yangu alisimama Mrusi aliyekuja kuona nyumbu, na dereva wake akimtafsiria. Kwenye kitabu cha wageni alikuwa ameandika alikotoka: Mkoa wa Koryak.

Dada wa mapokezi akautafuta kwenye simu. Akasoma, akatikisa kichwa, akamrudishia kitabu.

“Huu mkoa ulishafutwa. Umeunganishwa na jirani yake, Kamchatka. Andika mkoa uliopo, ndipo nikupe ufunguo.”

Mrusi akaweka kalamu chini. Dereva akatafsiri jibu lake: “Anasema mama yake yupo hukohuko.”

“Mama sawa. Mkoa ndio haupo.”

Kwenye benchi alikaa mzee wa Kikurya, fimbo katikati ya magoti. Akamuuliza dereva, “Kwao wanafuga?”

Wanafuga, tukaambiwa, wanyama wenye pembe kama matawi, wanaofukua malisho chini ya theluji.

“Mkoa ulipofutwa, mifugo ilihamishwa?”

Mrusi akacheka kwa mara ya kwanza. Haikuhamishwa.

“Basi mpe ufunguo, binti. Mimi nilizaliwa Jimbo la Ziwa. Walipolifuta, ng’ombe wetu hawakupata hata habari.”

“Haya, mzee,” dada akasema, akatoa ufunguo.

Zamu yangu ilipofika niliandika Tarime. Ila mimi sina ng’ombe hata mmoja, kwa hiyo nilimwomba dada aangalie kwanza kwenye simu kama bado ipo.