Springi kwenye Ndoo ya Mchele

Juzi hapa Riyadh, kwenye duka moja la mtaa wa Al-Dirah, niliona bunduki ya upepo ya bei rahisi, na harufu ya grisi yake ikanirudisha utotoni, nyumbani kwetu Jeddah.

Baba alinunua kama ile, akaifungua vipande vipande juu ya gazeti sebuleni. "Inatikisika mno, Salma. Springi ikipata grisi itatulia. Usiguse." Sikujua kwamba alitaka kupiga shabaha makopo tu. Mimi niliwafikiria njiwa wangu, waliotua kila siku juu ya kiyoyozi wakisubiri makombo.

Adhana ya alasiri ilipolia, baba alikwenda msikitini. Nikaichukua springi, imeshapakwa grisi, nikaifukia chini kabisa kwenye ndoo ya mchele.

Aliporudi aliinamia kila kochi, akitafuta. Mwishowe akakunja gazeti. "Halas, basi, imepotea."

Jioni tulikula wali. Mama alionja, akakunja uso. "Mchele huu una nini? Mbona unanuka gereji?"

Baba aliniangalia kwa muda, akatafuna taratibu, akameza.

"Mtamu, Mama Salma. Hebu niongezee."