Pazia la Chumba cha Mkwe

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, na leo wenye digrii wananipigia simu wakitaka mapipa ya maji kwa bei ya kuelewana. Nilianza na mapipa mawili pale nje ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa wenzangu walilia, mimi nikanunua mapipa yaliyobaki. Sasa hivi ukitaja pipa Kibondo, umenitaja mimi.

Kwa hiyo binti yangu, aliyeolewa na mwanajeshi, aliponiambia kwamba mapipa niliyompelekea kota za jeshi Kasulu yanafuga mbu, nilicheka mpaka wateja wakageuka.

"Baba, lete mifuniko. Kwenye kundi letu la familia za kota wametutumia video. Kuna mbu wa dengi, anazaa kwenye maji safi, anauma mchana."

"Mbu wa mchana? Naye kaajiriwa?"

"Baba, sitanii. Kuna familia imerudi kutoka Dar, wameanza kuugua."

"Mifuniko inauzwa kivyake. Mwambie mumeo anunue, si ana mshahara?"

Haukupita muda, mke wa sajenti, jirani yake, akanipigia: binti hainuki kitandani. Mumewe alikuwa kazini mpakani, mama yake alikuwa msibani Muyama. Nikawasha gari. Mfukoni nilitia vidonge vya diklofenaki, vile ninavyomeza nikishusha mzigo mgongo ukagoma.

Sasa, kwetu baba haingii chumba anacholala binti na mumewe. Haingii. Akiingia analipa mbuzi, na anasemwa mpaka azikwe. Basi nikakaa sebuleni, binti nyuma ya pazia, jirani akiingia na kutoka. Sauti ya binti ilikuwa haina nguvu ya kuvuka pazia, kwa hiyo tukawa tunatumiana sauti kwa simu ndani ya nyumba moja. Akaniambia zahanati walimpima malaria, hakuna. Viungo vinamuuma, na macho yanamuuma kwa nyuma. Walimpa paracetamol, wakamwambia akizidiwa aende hospitali.

Nikampa jirani vile vidonge ampelekee. Pazia likatikisika, vidonge vikarudi. Simu ikalia.

"Hizo hapana, baba. Msikilize nesi wetu."

Akanirushia sauti ya nesi wa jeshi kutoka kwenye kundi lao. Mwanamke anaongea kama anatoa amri. Mwenye dalili za dengi asipewe diklofenaki wala aspirini, zinaweza kumtoa damu. Apewe paracetamol na vinywaji. Na homa ikishuka msishangilie, hapo ndipo mkae macho: tumbo kuuma sana, kutapika, fizi kutoa damu, mtu kulegea. Mkiona hata moja, hospitali.

Nikamjibu binti, "Hivi vidonge vimenijengea nyumba tatu. Huyo nesi wa kwenye simu ana ngapi?"

"Baba, nikivimeza nikafa, utamwambia nini mume wangu?"

Watu walioninyamazisha mimi ni wachache. Nikavirudisha vidonge mfukoni.

Kesho yake asubuhi jirani akatoka chumbani anacheka. "Mzee, kapoa! Homa imeshuka kabisa."

"Si nilisema? Damu yangu hiyo. Nenda sokoni ukalete kuku, nalipa mimi."

Akaenda. Nikafunga mkoba wangu, nikatuma sauti: "Mama, umepona. Narudi Kibondo, duka halijiuzi."

Tiki hazikugeuka bluu. Kusoma sijui sana, lakini tiki nazijua, ndizo zinazoniambia mteja kanisikia na ananikwepa. Nikapiga. Simu ikaita nyuma ya pazia, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Ndipo maneno ya yule nesi yakanirudia kichwani: msishangilie.

"Mama!"

Nikasikia anatapika. Kisha kimya.

Nikatoka nje mbio kutafuta mwanamke, yeyote. Milango ya kota imefungwa, kamba zimejaa nguo, hakuna mtu. Mapipa yangu mawili yako pale ukutani, wazi, na maji yamejaa viluwiluwi wanaochezacheza. Nikarudi ndani. Nikalishika pazia.

Nikaingia.

Alikuwa ukingoni mwa kitanda, simu imemdondoka, damu kwenye fizi, mikono baridi. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, na sijawahi kubeba kitu chepesi kikanilemea vile.

Hospitali daktari aliuliza kwanza, "Amekunywa diklofenaki?"

"Hapana."

"Aspirini?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema, akamtundikia dripu. Vidonge vilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikavitupa chooni nikarudi kukaa. Hakuniahidi kitu yule daktari. Nilikaa nikihesabu matone mpaka binti alipofumbua macho akaomba soda, na bado nikaogopa kucheka.

Mkwe wangu alipiga simu, akaniita baba mkwe kwa lugha yetu. "Databukwe, nasikia uliingia chumbani kwangu."

"Niliingia."

"Basi yaishe, mzee wangu. Mbuzi wa nini?"

"Wewe! Mimi si mtu wa kusamehewa. Ita wazee wako."

Mifuniko ya yale mapipa mawili nilitoa dukani kwangu, hiyo siihesabu. Mbuzi jike, madebe mawili ya pombe ya rubisi na nauli za wazee: jumla shilingi laki moja na arobaini na sita elfu mia tano.