Kimya cha Skola Mbele ya Saa

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba kule Mpitimbi, ukungu umelala juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mimi na mdogo wangu Skola tunatembea huku tukiona miguu yetu tu. Sina hakika kama ukungu ulikuwa mzito kiasi hicho. Kumbukumbu ya mzee huongeza ukungu pale isipotaka kuona vizuri. Hata hivyo nakuandikia, mwanangu, katika daftari hili ambalo kila jioni naliuliza kama nimesema kweli.

Nimeandika kwa sababu yako. Jumapili ulikuja hapa Majengo umenuna. Ulikuwa umejibu maswali kwenye simu, simu ikakupa namba ya akili yako, nawe ukaniambia, "Bibi, kumbe ndiyo maana masomo yananishinda. Bora niache tu chuo." Nilitaka kukujibu, nikajizuia. Mimi ni wa darasa la saba, wewe ni wa chuo. Niliogopa kusema nisichokijua. Lakini hili moja nalijua, kwa kuwa nililifanya kwa ulimi wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Skola kumi na saba. Yeye ni mtoto wa baba mdogo, ila tulilelewa nyumba moja, kwa baba mkubwa. Alikuwa msichana wa kimya. Tukila, hakuwahi kutia mkono kwenye likolo, ile mboga yetu ya majani, kabla mimi sijatia wangu. Tukiulizwa jambo na wakubwa, alisubiri niongee kwanza. Ndivyo tulivyofundwa. Lakini mbuzi wa baba mkubwa alipovunjika mguu, Skola ndiye aliyeunyoosha, akaufunga kwa vijiti na kamba ya mgomba, na mbuzi yule akatembea.

Mwaka huo masista walitoa nafasi moja kwa nyumba yetu, msichana mmoja aende mjini kujifunza kazi ya uhudumu wa zahanati. Baba mkubwa angemtaja Jumapili baada ya misa. Skola aliitamani nafasi ile mpaka akawa anaota amevaa gauni jeupe, anaamka anacheka. Mimi pia niliitaka. Sikuota chochote. Nilitaka tu kutoka.

Siku hizohizo akaja mama mmoja kutoka chuo kikuu, mtaalamu wa saikolojia, aliyetaka kupima akili za watu wa vijijini. Alihitaji mtu wa kumtafsiria kwa Kingoni, mwalimu wa shule ya kijiji akanitaja mimi. Siku ya kwanza mzee mmoja akamuuliza, "Hizo akili unapima kwa debe au kwa kilo?"

"Kwa maswali, babu."

"Basi anayeuliza ndiye aliyepungukiwa nazo."

Yule mama alicheka kuliko sisi wote. Nataka nimtendee haki, kwa maana hakuwa mtu wa dharau. Nilimuuliza akili hasa ni nini. Akafikiri, akasema wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni nguvu moja ndani ya mtu, inayojionyesha katika kila anachofanya. Wapo wanaosema ziko nyingi, mwenye hii anaweza kuikosa ile. Na wapo wanaosema ni namna mtu anavyoyamudu maisha ya pale alipo. Yeye, kwenye sanduku lake, alikuwa na sehemu tu: picha zenye kitu kilichokosekana, vipande vya mbao vyekundu na vyeupe vya kupangwa kufuata mchoro, tarakimu za kukariri mbele na kinyumenyume, na saa ya kubonyeza. Majibu ya mtu hulinganishwa na ya watu wa umri wake, na wa katikati hupewa mia.

"Ila hao wa kulinganishwa nao walikuwa watu wa mbali," akasema. "Nimekuja kuona kama kipimo kinawafaa watu wa hapa, au kinawaonea. Kwa hiyo namba hizi ni za daftari langu. Usimwambie mtu."

Nikaapa. Wahenga walikwisha kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikaona na wasomi wamefika palepale kwa njia ndefu. Wala kipimo chake hakikuwa bure. Kulikuwa na mtoto aliyeitwa mjinga darasani, na mama yule, katika kumpima, ndiye aliyegundua kwamba sikio moja halisikii. Hilo nalo liandikwe.

Asubuhi ile ya ukungu ilikuwa zamu ya Skola. Alipiga goti, akamwamkia yule mama, akakaa kwenye ncha ya kiti. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya yule mama. Vipande vikawekwa mezani, mchoro ukaonyeshwa, nikatafsiri, saa ikabonyezwa. Skola akavitazama vipande. Akanitazama mimi. Akanyamaza.

Saa ile bado naisikia, mwanangu. Nikisinzia mchana hapa barazani inanijia ndotoni, sauti ndogo kama ya mdudu anayetafuna haragwe kavu kwa ndani. Meza ni ileile, mbao nyekundu na nyeupe zinaelea ndani ya ukungu, na Skola ananitazama. Huwa nataka kufungua mdomo, ndoto inaisha. Siku ile nilikuwa macho, na mdomo sikuufungua. Muda ukapita. Mchoro wa pili, vilevile. Alipoanza kunyoosha mkono, saa ilikuwa imekwisha kusema.

Yule mama alipoinuka kwenda kunywa maji, nikachungulia karatasi. Namba yake ilikuwa ndogo. Yangu, iliyoandikwa juzi yake, ilikuwa kubwa. Lakini mimi nilipimwa baada ya kuwasikia wenzangu wakiulizwa maswali yaleyale siku nne mfululizo. Hilo nililijua pia.

Jumamosi baba mkubwa alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akaniuliza, "Wewe umeshinda na yule mama. Amewaonaje watoto wangu?"

Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Skola ni mzito, baba. Amepimwa." Nikamtajia namba.

"Ndiyo ndogo hiyo?"

"Ndogo."

"Na yako?"

Nikaitaja. Akaendelea kuchonga, hakuuliza tena. Ningesema Skola ni mjinga angenizaba kofi, kwa sababu mguu wa mbuzi aliuona kwa macho yake. Lakini namba haina shavu la kupigwa. Jumapili akanitaja mimi. Skola alinibebea sanduku mpaka barabarani. Alilibeba kichwani, akitembea nyuma yangu kama kawaida yake.

Wiki ya kwanza ya mafunzo niliona damu nikazimia. Wenzangu waliniita Mgonjwa wa Kwanza mpaka tunamaliza. Baadaye nilizoea, nikafanya kazi zahanati mpaka nimezeeka, na nadhani wapo niliowasaidia. Je, Skola angefanya vizuri zaidi? Sijui. Huenda naye angezimia. Siwezi kuandika kwamba angekuwa mhudumu bora kuliko wote, maana hiyo nayo ingekuwa kumpima bila kumpa kazi. Ninachojua ni kwamba hakupewa nafasi ya kuzimia.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Skola alikuja kunitembelea na maharage ya shambani kwake. Tulikaa uani kwenye jua, ungo mmoja katikati yetu, tunachambua. Yeye huchambua bila kutazama. Vidole vyake vinalijua haragwe bovu kabla ya macho. Kuwaza kwamba mmoja wetu angeondoka duniani kabla sijamwambia kulikuwa kumeninyima raha siku nyingi. Nikamwambia yote: karatasi, namba, baba mkubwa.

Vidole vyake havikusimama. Nilimuuliza, "Lakini mbona ulinyamaza, mdogo wangu? Vile vipande hukuvielewa?"

"Nilivielewa. Vilikuwa kama mistari ya mkeka."

"Sasa?"

"Si ulikuwepo, dada? Ningejibuje kabla yako? Nilikuwa nakungoja."

Mwanangu, yule mama hakuweza kulijua jambo hilo. Alikuwa mgeni. Mimi nililijua kila siku kwenye bakuli la mboga. Nimejiuliza miaka yote kama pale mezani nililijua. Nadhani nililijua kidogo, kiasi cha kutosha kabisa. Ningesema neno moja tu, "Endelea," au ningetoka nje, Skola angepanga mbao zile. Saa ilipima adabu yake ikaiandika kuwa uzito, nami nikaisaidia.

Nilianza kulia. Skola akaninyang'anya ungo ili machozi yasiingie kwenye maharage. Akaniuliza, "Dada, jibu hili umelishika tangu tukiwa wasichana?"

"Tangu siku ile."

"Na mzito ni mimi." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Kwa saa ya yule mama, wewe leo ungepata ngapi?"

Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili, ulipokee kwa upungufu wake. Usikidharau kipimo, kuna siku kitakuonyesha sikio lisilosikia. Lakini ukipewa namba, uliza kwanza kilipimwa nini, na nani, ulilinganishwa na akina nani, na siku hiyo ulikuwa umekaa na nani chumbani. Yule aliyesoma mambo haya maisha yake yote aliifungia namba daftarini kwa kuiogopa. Usikubali simu ikutangazie akili yako kwa maswali ya dakika kumi. Jumatatu rudi chuoni. Somo likikushinda, likushinde ukiwa umelijaribu, kama mimi na damu. Na ukikaa na mtu aliyenyamaza, mdogo wako, mwenzako, hata mwanao baadaye, usimhukumu haraka. Huenda jibu analo, anakungoja wewe.

Mungu akupe moyo wa kujaribu, na subira kwa wanaochelewa. Akupe ndugu kama Skola, na akupe ujasiri wa kumwambia kweli mapema kuliko mimi. Ukungu wa asubuhi zako usikufiche uso wa mwenzako. Nenda salama, mwanangu, na baraka za mabibi wawili, aliyewahi kujibu na aliyesubiri, zikutangulie njiani.